Likizo ya Unguja na watoto watatu wadogo, tukianzia Kigoma: twende mwezi gani na tufikie pwani ipi?

Mama wa Katubuka, Kigoma, anauliza:

Salaam kwenu nyote. Naomba ushauri wa watu waliokwisha kusafiri mbali na watoto wadogo, hasa wale wanaoanzia safari zao huku kwetu magharibi, kwa sababu maelezo mengi ninayoyasoma yameandikwa na watu wa Dar es Salaam, ambao kwao kwenda Unguja ni kupanda boti asubuhi na kunywa chai ya saa nne wakiwa Mji Mkongwe. Mimi na mume wangu tunaishi Kigoma mjini, na tumeazimia kwamba likizo ijayo tutawapeleka watoto wakaione bahari, tukae huko kama juma moja, kisha turudi taratibu kabla shule hazijafunguliwa.

Watoto ni watatu. Mkubwa ana miaka minane na anaogelea vizuri, kwa kuwa amekulia kando ya ziwa na babu yake ndiye aliyemfundisha pale Bangwe. Wa pili ana miaka mitano. Maji hayaogopi na kuogelea hajui, na kila mzazi anaelewa hatari ya mambo hayo mawili yakikutana. Wa mwisho ana mwaka mmoja na nusu na bado ananyonya. Mume wangu anaweza kupata ruhusa ama mwezi Juni ama Desemba, na kazini kwake wanataka jibu mapema.

Kwanza, hatujakubaliana kuhusu usafiri. Yeye anataka treni kwa sababu ya gharama na kwa sababu watoto wataweza kulala wamejinyoosha. Mimi naogopa kufika Dar es Salaam tumechoka kiasi cha kuichukia likizo kabla haijaanza. Na ndege kwa watu watano ni fedha ambayo ingetulipia malazi ya siku kadhaa. Pili, nimesikia kwamba zipo pwani za Unguja ambako maji huondoka kabisa mchana, na sisi tuliozoea ziwa ambalo asubuhi na jioni liko palepale hatujui jambo hilo lipangwe vipi. Tatu, napenda kujua ni mambo gani ya kisiwani yanayowafaa watoto wa umri huu kweli kweli, si yale yanayowafaa wazazi halafu watoto wakaburutwa nyuma. Sitafuti hoteli ya kifahari. Nyumba ya wageni safi, yenye chandarua na mahali pa kumchemshia mtoto uji, inatutosha.

Msafiri wa Mwanga, Kigoma, anajibu:

Dada, nianze na njia, kwa kuwa ndiyo itakayoamua kama mtafika mkiwa na hamu ya kuogelea au ya kulala. Kutoka Kigoma hadi Dar es Salaam kwa reli ni zaidi ya kilomita 1,200, na treni ya reli ya zamani huzimaliza kwa muda unaokaribia siku mbili. Kuhusu kulala, shemeji ana haki. Vyumba vya daraja la pili la kulala vina vitanda sita, kwa hiyo familia ya watu watano inakaribia kukijaza chumba, na mkilipia vitanda vyote sita mnakuwa na mlango wenu wa kufunga. Msipofanya hivyo, jueni kwamba wanaume na wanawake hutenganishwa, naye ataangukia chumba cha wanaume wenzake akalale usingizi mnono huku wewe ukibaki na watoto wote watatu. Wengi hulijua jambo hilo wakiwa tayari stesheni na mizigo mikononi.

Hata hivyo, nisingewashauri muifanye safari yote kwa pigo moja. Shukeni Dodoma, mlale usiku mmoja kwenye kitanda kisichotikisika, watoto waoge na wakimbiekimbie, kisha kesho yake mpande treni ya SGR, ambayo tangu Julai 2024 inachukua abiria kati ya Dodoma na Dar es Salaam na huimaliza njia hiyo kwa saa tatu na nusu hadi nne hivi. Stesheni ya SGR haiko katika jengo moja na ile ya reli ya zamani, kwa hiyo wekeni akiba ya nauli ya bajaji au teksi, na tiketi zikateni mapema, kwa sababu nyakati za likizo za shule nafasi hujaa. Uzuri wake ni kwamba stesheni ya Dar es Salaam iko katikati ya mji, na bandari ya boti za Zanzibar haiko mbali na hapo. Mnaweza kulala karibu na kupanda boti ya asubuhi bila kuvuka foleni za jiji.

Basi linawahi kuliko treni, hasa sasa ambapo barabara ya kupitia Tabora imekuwa nzuri, lakini mtoto wa mwaka mmoja na nusu atakaa mapajani mwako tangu Kigoma hadi mwisho wa safari, na dereva hasimamishi gari kila mtoto wa miaka mitano anapobanwa na haja. Ikiwa fedha inaruhusu ndege kwa upande mmoja tu, pandeni ndege wakati wa kwenda na mrudi kwa treni. Uchovu wa kurudi utaishia nyumbani kwenu. Uchovu wa kwenda utakula siku zenu za ufukweni.

Chukueni vyeti vya kuzaliwa vya watoto na vitambulisho vyenu vya NIDA, na mviweke kwenye mkoba wa mkononi, si ndani ya sanduku. Chakula njiani hakina shida. Kuku wa Saranda wanajulikana, na Tabora mtaletewa asali mpaka dirishani. Asali hiyo ni nzuri, ila chupa zake mara nyingi zimezibwa kwa kipande cha nailoni na mpira tu, kwa hiyo msiitie kwenye begi la nguo za mtoto. Nunueni wakati wa kurudi.

Mkaazi wa Mkokotoni, Unguja, anajibu:

Mama, karibuni kwetu. Nitajibu la maji kwa urefu, kwa sababu naona wageni wengi wakitoka bara wamejitayarisha kwa kila jambo isipokuwa hilo, kisha wanalaumu kisiwa.

Bahari yetu hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku saa zake husogea mbele kwa takriban dakika 50. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu huwa ni bamvu, ambapo maji hujaa sana na kupwa sana, na tofauti ya kina inaweza kukaribia mita 4. Mwezi ukiwa nusu ni maji mafu, na hapo tofauti hupungua sana. Lililo muhimu kwenu ni hili: kwetu Unguja, siku za bamvu maji hujaa alfajiri na tena mnamo saa kumi jioni, na hukauka kiasi cha saa nne au saa tano asubuhi. Siku za maji mafu mambo hugeuka, maji yakajaa katikati ya asubuhi, ila hayajai kwa kishindo wala hayakauki kabisa. Kwa hiyo mtu mwenye watoto wanaolala mchana anaweza kuchagua juma lake kwa kutazama mwezi. Mimi ningetazama mwezi kabla ya kutazama bei ya chumba.

Sasa pwani. Upande wa mashariki, yaani Matemwe, Kiwengwa, Paje, Bwejuu na Jambiani, mwamba uko mbali na ufukwe, na kati ya mwamba na nchi kavu kuna sehemu pana isiyo na kina. Maji yakipwa, sehemu hiyo huachwa wazi kwa mamia ya mita. Huko ndiko ulikosikia kwamba maji huondoka, na ni kweli huondoka, lakini si matope yanayobaki. Ni mchanga mweupe, majani ya bahari na vidimbwi vya maji ya uvuguvugu vinavyomfika mtoto kwenye kifundo cha mguu. Upande wa Nungwi na Kendwa, kule kaskazini, maji hayaendi mbali, na mtu huogelea wakati wowote, lakini kwa sababu hiyohiyo kina huanza karibu zaidi na ufukwe.

Wengi watakwambia uende Nungwi kwa kuwa unaogelea siku nzima. Kwa mwanao wa miaka minane ni ushauri mzuri, lakini hao wawili wadogo hawahitaji kuogelea siku nzima. Wanahitaji kuchezea maji, na vidimbwi vya Jambiani vinawatosha mpaka washibe. Asubuhi watembee wakitazama kaa na viti vya pweza, mchana walale, na saa kumi maji yanapokuja mkubwa aogelee na baba yake. Nasema Jambiani na si Paje kwa sababu miezi ya kusi, yaani upepo utokao kusini, Paje hujaa watu wanaoteleza juu ya maji wakivutwa na tiara kubwa, na kamba zile si za kuchezewa karibu na mtoto.

Mambo mawili lazima yazingatiwe. La kwanza ni viatu: kila mtoto avae yeboyebo za kufunga nyuma, kwa maana kwenye mawe kuna wale viumbe weusi wenye miiba mirefu, na mwiba ukivunjikia mguuni likizo ya mtoto imekwisha kwa siku mbili. La pili ni kurudi kwa maji. Maji hayarudi kwa mstari mmoja kutoka mbele kama watu wanavyodhani; hupita kwanza kwenye mikondo na mabonde, kwa hiyo mtu aliyetembea mpaka karibu na mwamba anaweza kugeuka akakuta nyuma yake pana kina ambacho hakukiona alipopita. Mkienda mbali, nendeni na mwenyeji, na muanze kurudi maji yangali yanatoka.

Mtaona pia akina mama wakilima mwani. Mashamba yao ni safu za vigingi vilivyounganishwa kwa kamba, na maji yakiwa nusu kamba hizo hazionekani. Mtoto akikimbia humo hujikwaa, na mwani wa mtu ukakatika. Wasalimuni, waombeni ruhusa, na mara nyingi watawaonyesha wenyewe namna wanavyofunga.

Kuhusu mwezi, mimi nasema Juni. Mvua za masika zinakuwa zimekwisha, jua si kali kama la Desemba, na bei za malazi hazijapanda kama zinavyopanda kati ya Krismasi na Mwaka Mpya. Kasoro ya Juni ni kusi, ambayo huuchafua mkondo kati ya Dar es Salaam na Unguja. Boti huchukua kama saa mbili. Pandeni ya asubuhi na mapema, kabla upepo haujashika, na mkae chini, katikati au nyuma ya boti, ambako kutikisika ni kudogo.

Baba wa Gungu, Kigoma, anajibu:

Samahani kama nitaonekana mchoyo wa raha za wenzangu, lakini nauliza: mtoto wa mwaka mmoja na nusu atakumbuka nini? Hapa Kigoma tuna mchanga, tuna maji safi, na pale ufukwe wa Jakobsen mtu analipa kiingilio akashinda kutwa nzima na familia. Ikiwa ni lazima kiwe kisiwa, kipo Saanane pale Mwanza, ambacho ni hifadhi ya taifa, kina pimbi na swala, na boti yake kutoka mjini ni ya dakika chache. Treni ya kuelekea Mwanza mnaiunganisha Tabora. Mngebakiwa na fedha ya ada.

Mama wa Katubuka anajibu:

Baba wa Gungu, hoja yako ni ya haki na mume wangu alikwisha kuitoa kabla yako, tena kwa maneno makali zaidi. Jakobsen tunakwenda, na tutaendelea kwenda. Mdogo hatakumbuka kitu, nakubali, ila mkubwa mwaka huu amesoma habari za bahari shuleni na ameanza kubishana nami kwamba maji hayawezi kuwa na chumvi yote hiyo. Nataka ayaonje akiwa bado ana umri wa kustaajabu. Saanane nimeiandika kwa ajili ya mwaka mwingine.

Muuguzi wa Tabora anajibu:

Mama wa Katubuka, nimefanya kazi na watoto kwa muda mrefu, na naomba niongeze mambo ambayo wasafiri wa mikoa yetu ndio hasa wanaopaswa kuyajua.

Sisi wa Tabora na ninyi wa Kigoma tunatoka katika mikoa yenye malaria nyingi, ilhali Zanzibar maambukizi yamekuwa chini ya asilimia 1 kwa miaka mingi. Watu husikia hivyo wakadhani wakivuka bahari wamesalimika. Vimelea anavyoviingiza mbu wa Kigoma hukaa mwilini siku 7 au zaidi, mara nyingi karibu majuma mawili, kabla homa haijatokea. Kwa hiyo mtoto anaweza kuumwa na mbu nyumbani, akapata homa akiwa Jambiani, na mzazi akasema ni jua au ni uchovu wa safari. Mtoto akipata homa huko, mpelekeni apimwe siku hiyohiyo, na mwambieni mhudumu wa afya kwamba mmetoka Kigoma bila kusubiri kuulizwa. Huko kila mgonjwa wa malaria hufuatiliwa mpaka mahali anapoishi, kwa sababu wagonjwa wao wengi ni watu waliotoka safari, kwa hiyo msione vibaya mkihojiwa. Kwa upande wa kusini kuna Hospitali ya Makunduchi, kaskazini kuna Kivunge, na mjini ni Mnazi Mmoja. Jueni mapema ipi iko karibu na mtakapolala. Majuma mawili kabla ya safari, hakikisheni watoto wanalala ndani ya chandarua bila kukosa hata usiku mmoja.

Kuhusu maji yenyewe, mtoto wa ziwani ana mazoea mawili ambayo baharini yatamtesa. Anafumbua macho chini ya maji, na anameza maji anapocheza bila kujali. Maji ya chumvi yatamwasha macho, na akiyameza kwa wingi atatapika na kupata kiu kali. Mweleze kabla, na siku ya kwanza msimruhusu akae majini muda mrefu. Yule mkubwa atagundua pia kwamba baharini mwili unaelea kwa urahisi zaidi kuliko ziwani, nalo ni jambo linaloweza kumdanganya akajiona hodari kuliko alivyo.

Kwa wa miaka mitano sina ushauri mwingine isipokuwa huu: awepo mtu mzima mmoja asiyeshika simu, aliye karibu naye kiasi cha kumfikia kwa mkono. Maboya ya kupuliza wanayouza ufukweni ni midoli tu, hayaokoi mtu. Tena upande wa Kendwa wakati wa kusi upepo hutoka nchi kavu kuelekea baharini, na boya la kupuliza lenye mtoto ndani huchukuliwa haraka kuliko mtu mzima anavyoweza kuogelea. Mkipanda ngalawa au boti ndogo, kila mtoto awe na jaketi okozi la ukubwa wake. Kama hawana la mtoto, shukeni.

Jua la baharini huunguza hata siku ya mawingu, na ngozi nyeusi nayo huungua. Fulana ya mikono mirefu na kofia vinashinda mafuta yoyote, na kati ya saa tano asubuhi na saa tisa alasiri wadogo wakae kivulini. Kichefuchefu cha boti kitamsumbua zaidi huyo wa miaka mitano na kaka yake. Watoto wa chini ya miaka miwili ni nadra kukipata. Muulizeni mfamasia dawa inayofaa umri wao kabla ya kuondoka Kigoma, kwa maana hutolewa kabla ya kupanda boti na haisaidii sana mtoto aliyekwisha kuanza kutapika. Paketi chache za ORS zisikosekane, na mdogo aendelee kunyonya kila anapotaka. Katika vyakula vyote vya safari hicho ndicho salama kuliko vyote.

Mzee wa Ujiji anajibu:

Binti yangu, wenzangu wamemaliza habari za maji na afya. Mimi naona mtoto wa miaka minane anayetoka Kigoma asiipite Unguja kama mgeni, kwa sababu njia ya misafara ya pembe za ndovu na ya watumwa ilianzia kwetu Ujiji, ikapita Tabora, ikateremka Bagamoyo na kuvuka hadi Unguja. Hapa nyumbani mpeleke kwanza aone mahali ambapo Stanley alikutana na Livingstone mwaka 1871. Treni itakapopita Tabora mwambie kwamba Kwihara, alikoishi Livingstone baada ya hapo, iko karibu na mji huo. Akifika Mji Mkongwe mwonyeshe nyumba ya Tippu Tip, tajiri wa misafara aliyefariki hapo mwaka 1905, na kanisa la Mkunazini lililojengwa mahali palipokuwa na soko la watumwa, ambalo lilifungwa mwaka 1873. Vyumba vya chini vinavyoonyeshwa pale Mkunazini ni vizito kwa mtoto. Mkubwa anaweza kuingia akiwa na baba yake, wadogo wabaki nje na wewe.

Beit el Ajaib, lile Jumba la Maajabu la Mji Mkongwe, msiipangie, maana sehemu yake iliporomoka Desemba 2020. Kwa wadogo, kobe wakubwa wa kisiwa cha Changuu watatosha. Waliletwa kutoka Shelisheli mwaka 1919, na mtoto wa miaka mitano akimlisha mmoja majani, hamtasikia habari nyingine mpaka mrudi Kigoma. Ila boti za Changuu ni ndogo, na bahari ikiwa imechafuka acheni. Siku moja mjini inatosha. Vichochoro vile havina mahali pa kumlaza mtoto, na mgongo wa mama una mwisho wake.

Mama wa Katubuka anauliza tena:

Nawashukuru nyote, na baba watoto amesoma kila neno. Tumekubaliana Juni, na tumekubaliana kulala Dodoma. Kalenda ya mwezi tumeibandika jikoni, na tumechagua siku ambazo maji yatakuwa yakielekea bamvu, ili asubuhi iwe ya kutembea na jioni iwe ya kuogelea. Yamebaki maswali mawili. Watoto wangu wamezoea ugali wa muhogo, migebuka na dagaa, na wa pili hukataa chakula asichokijua mpaka homa ya njaa impande. Je, huko Jambiani nitapata nini cha kuwapa bila kutegemea mikahawa ya wageni? Na kutoka bandarini hadi Jambiani, twende moja kwa moja au kuna mahali pa kupumzika njiani?

Mkaazi wa Mkokotoni anajibu:

Muhogo haukosekani, mama, ila kwetu hupikwa zaidi kwa nazi kuliko kusongwa ugali. Kwa mtoto anayejua migebuka, anza na kibua wa kukaanga, kwa kuwa nyama yake haiko mbali na ile aliyoizoea, kisha changu wa kuchoma; pweza mwachie mkubwa. Samaki nunueni ufukweni wavuvi wanaporudi, na mwulize mwenye nyumba kabla ya kulipia chumba kama mtaruhusiwa kutumia jiko. Nyumba za wageni zinazoendeshwa na wanakijiji hukubali bila matata, nyingine hukataa kabisa. Ulizeni pia bei ya Mtanzania, maana bei mtakayotajiwa mwanzo huenda ikawa ya mgeni wa nje. Unga wa uji wa mdogo chukueni kutoka nyumbani, asije akabadilishiwa bahari na uji kwa siku moja. Mifuko ya plastiki msije nayo, ilipigwa marufuku Zanzibar tangu 2006. Fungeni unga katika kopo.

Njiani pumzikeni Jozani, kwani msitu huo uko kwenye barabara hiyohiyo ya kwenda Jambiani. Njia yake ni fupi, ina kivuli kizito, na kima punju wamezoea watu kiasi kwamba watoto huwaona kwa karibu bila kunyamazishwa sana. Kima hao hamtawaona popote huko bara. Upande wa pili wa barabara kuna daraja la mbao linalopita juu ya mikoko, ila mshike yule wa miaka mitano mkono, kwa maana daraja ni jembamba na chini yake maji huingia na kutoka. Bustani za viungo za Kizimbani ziwekeni siku ya kurudi mjini, kwa sababu ziko upande mwingine. Huko watoto hupakwa zingefuri mashavuni na midomoni, wanafurahi mno, na rangi hiyo haitoki kwenye nguo nyeupe hata ukiifua vipi, kwa hiyo siku hiyo wavae nguo za kuchakaa.

Moja la mwisho kuhusu mavazi: nguo za kuogelea ni za ufukweni tu. Kijijini na mjini, wewe na shemeji jifunikeni mabega na magoti, na mkiwa na khanga begani hamtapata tabu yoyote. Khanga hiyohiyo itamfaa mdogo kwa kulalia, kwa kivuli na kwa kujifutia maji, kwa hiyo njoo na mbili.